Kama ni mtihani wangu, kwa nini karatasi kapewa mtoto?

BabaWawili aliandika:

Habari za jioni wakuu. Niko Tandahimba, ndani ndani huko, kijiji sikitaji. Mkulima wa korosho. Mkristo wa kubatizwa utotoni, na kwaya nimeimba besi tangu nimalize darasa la saba. Wakristo huku kwetu si wengi, kwa hiyo mtu akiimba vibaya anajulikana kwa jina. Nina swali, na naomba nisijibiwe harakaharaka.

Nina watoto wawili. Mkubwa alikufa 2013 akiwa na miaka 4. Mdogo ni binti, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Wote wawili sikoseli, ule ugonjwa wa damu.

Yule wa kwanza hatukujua. Alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu hata mwaka hajafikisha, bibi yake akasema amepitiwa na upepo. Tukamfunga hirizi. Ndiyo, mimi mwanakwaya nilimfunga mwanangu hirizi, nikaivua kwa aibu Pasaka ilipokaribia, nikaifunga tena. Alikufa usiku wa masika kwa homa, tukisubiri kupambazuke tupate pikipiki. Pikipiki ilikuja. Ikatukuta tumeshatandika mkeka.

Huyu binti tulimpima mapema kwa sababu ya kaka yake. Anameza vidonge vyake vya foliki kila siku, anakwenda kliniki, darasani anashika nafasi za mbele ile mihula ambayo hajalazwa. Lakini baridi ya Juni huku juu mnaijua. Jumanne ya wiki iliyopita maumivu yalimpanda mgongoni na pajani kuanzia saa mbili usiku. Huyu mtoto halii kwa sauti. Anajua akilia mama yake anaanza kutetemeka mwili mzima, basi yeye huuma upindo wa khanga. Saa tisa usiku akautoa mdomoni, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kalamu yake iko wapi: "Baba, kwani nilimkosea nani?"

Sikumjibu. Nilitoka nje nikakaa chini ya mkorosho mpaka kuku wakashuka.

Sasa wakuu, niliyoambiwa mpaka leo ni haya. Mzee wa kanisa ananiambia ni mtihani wa imani, nimkumbuke Ibrahimu. Mhubiri mmoja aliyepita na spika zake miaka mitatu nyuma aliniambia kuna dhambi ya siri katika nyumba, itolewe sadaka ya ukombozi. Nilitoa laki na nusu. Pesa hiyo niliipata kwa kangomba, niliuza korosho ambazo bado ni maua, na msimu ulipofika nikawa naangalia wenzangu wanapeleka magunia AMCOS, chama chetu cha ushirika, mimi nimekunja mikono. Mama mkwe anasema Mungu ana makusudi yake. Mwalimu wa kwaya, huyu ni rafiki yangu na ninampenda, alisema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba.

Hilo la mzigo ndilo lililonimaliza. Mimi mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho, kilo 25, naubeba kichwani kutoka barabarani mpaka shambani, na njiani nasalimia watu. Mzigo huu sikupewa mimi. Kapewa mtoto mwenye kilo 24. Kama ni mtihani wangu, kwa nini karatasi kapewa yeye?

Swali langu basi: sisi tunaomwamini Kristo, mateso ya namna hii yana maana gani? Yana maana yoyote, au tunaipaka rangi nyumba iliyoanguka?

Tafadhali asiniambie mtu niache imani. Nilishajaribu. Baada ya msiba nilikaa miezi minane siendi kanisani, Jumapili nalala. Upepo ukigeuka nasikia kwaya mpaka kitandani, na aliyeshika besi mahali pangu anakosea kila wimbo. Nilirudi siku huyu binti alipobatizwa.

Moto_wa_Madhabahu alijibu:

Pole sana mtumishi, lakini niseme ukweli hata kama utauma. Umejijibu mwenyewe uliposema hirizi. Mlango ulifunguliwa. Neno linasema kwa kupigwa kwake sisi tumepona, Isaya 53:5, halisemi tutapona. Mlete binti mjini Mtwara, Jumamosi kuna ibada ya kufunguliwa. Dawa aziache mlangoni, imani haichanganywi.

Nesi_Mstaafu_Masasi alijibu:

Dawa asiziache mlangoni. Naanza na hilo kabla sijasema hata pole.

BabaWawili, pole sana kaka yangu. Nimefanya kazi wodi za watoto miaka 31, sasa nafuga kuku hapa Masasi. Nina mambo mawili, moja la damu na moja la moyo.

La damu. Sikoseli, au selimundu, hairithiwi kwa dhambi. Wewe una kinasaba kimoja chenye hitilafu na kimoja kizima, mama yake vilevile, na ninyi wote wawili mmekua, mmelima, mmeoana bila kujua. Kila mimba ya watu kama ninyi, nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Kila mimba upya. Haitazami kama mlisali wala kama mlifunga kitu mkononi. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, ndiyo asili ya jina, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Mtu akipata baridi, akikosa maji, akiingiwa na homa, zinapinda zaidi.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mwenye kinasaba kimoja tu, kama wewe, analindwa kwa kiasi kikubwa asife kwa malaria kali akiwa mtoto. Ndiyo sababu ugonjwa huu umejaa katika nchi zenye malaria kama yetu. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba wewe uliyeandika hapa uko hai kwa kitu kilekile kinachomuumiza binti yako. Sikuambii ili uone kuna maana. Nakuambia ili usimtafute mchawi.

Kliniki ijayo muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Inapunguza hizo siku za maumivu kwa watoto wengi, ila inataka kupima damu mara kwa mara. Maji anywe sana. Najua huko juu maji ni ndoo na ndoo ni pesa, lakini ya kwake yatengwe, asiyaguse mtu kwa kufulia. Soksi na sweta usiku. Homa ikipanda msingoje kuche, mpatane na mwenye pikipiki tangu sasa, namba yake ikae kwenye simu zenu wote wawili. Ule usiku wa 2013 hukujua. Sasa unajua. Yasikuchanganye hayo mawili.

La moyo. Mimi ni Mwanglikana, theolojia nawaachia wenyewe. Lakini wodini niligundua jambo moja: wazazi walioambiwa ugonjwa ni kosa lao ndio waliochelewa kumleta mtoto. Walikuwa wanamalizana na kosa kwanza. Wewe Moto wa Madhabahu, watoto wa namna hiyo nimewapokea, na wengine nimewafunika shuka kwa mikono yangu. Sitabishana na wewe zaidi.

Mwanao kauliza swali, hajajibiwa. Mjibu leo. Mwambie, hukumkosea mtu.

Mtu_wa_Kivinje alijibu:

Naomba radhi kuingia, mimi ni Mwislamu, niko Kilwa. Nabii Ayubu kwetu pia ndiye mfano wa subira, kwa hiyo si mgeni sana.

Mei 2024, kimbunga Hidaya, mnakumbuka barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga. Mimi nilikuwa ndani ya lori na maiti ya mama yangu, namrudisha nyumbani kuzikwa. Kwetu maiti hailazwi. Nami nikalala nayo, mbele maji, nyuma foleni, mvua juu ya turubai. Abiria walionizunguka kila mtu alikuwa na neno. Kadari, rehema, mama amefutiwa dhambi kwa shida hii ya njiani. Yote ni kweli kwa imani yangu, lakini usiku ule yalikuwa yananipita kama magari.

Alikuwapo kijana mmoja, utingo wa lori la nyuma. Sikumjua, na dini yake mpaka leo siijui. Alipanda akakaa juu ya spea tairi karibu na jeneza, akawa ananikinga na turubai pale lilipotoboka. Hakusema kitu. Asubuhi alishuka kwenda kutafuta chai, sikumwona tena. Mwaka umepita, ukiniuliza msiba wa mama nakumbuka nini, nakumbuka mkono wa yule kijana umeshika turubai.

Sina jibu la swali lako ndugu yangu. Nimeona tu nikae hapa.

BabaWawili aliandika:

Nesi, shikamoo. Nimekusoma mbele ya mke wangu. Pale pa moja kati ya nne aliniomba nirudie, halafu akaingia ndani, akakaa sana. Alipotoka alisema, "Kwa hiyo siyo mimi." Miaka kumi na kitu tunalala kitanda kimoja, sikujua kwamba anafikiri ni yeye. Mimi nilikuwa nafikiri ni mimi.

Hilo la malaria limenikalia vibaya kidogo, nikwambie ukweli. Nikimwona anauma khanga nafikiri, mimi nilipona kwa kitu hiki. Sijui nikiweke wapi.

Mtu wa Kivinje, kaa.

Moto wa Madhabahu, nimekuelewa, ila laki na nusu sina tena.

Mwalimu_wa_Lukuledi alijibu:

Mwanangu BabaWawili, nimekusoma mara tatu. Naandika kwa simu ya mjukuu na macho yangu si yale, mnivumilie makosa.

Nilikuwa katekista miaka 33. Somo la mateso, katika mafundisho ya kipaimara, nilikuwa nalimaliza Jumamosi moja, saa moja na nusu pamoja na maswali. Nilikuwa na majibu kama mtu aliyeshika funguo za ghala. Mtoto akiuliza kwa nini, nafungua, natoa, nafunga.

2016 mke wangu alianguka jikoni akipepeta mbaazi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakaondoka pamoja nao, lilibaki neno moja tu: "haya". Akitaka maji ni haya. Akikataa uji ni haya. Akilia, haya, haya, haya. Miaka 9 sasa. Padre wetu wa wakati ule, kijana mwema, alikuja akaketi kitandani akanipa yale maneno yangu mwenyewe niliyomfundisha yeye akiwa mdogo. Hapo ndipo nilipoyasikia mara ya kwanza nikiwa upande wa kupokea. Mwanangu, ni maneno makavu. Nilimshukuru nikamsindikiza mpaka barabarani, niliporudi nikapiga teke ndoo.

Basi nisikilize kwa yale niliyoyapata baada ya ndoo.

Kwanza sisi walimu tulikosea jambo moja kubwa, nalisema hadharani. Tulipika mateso yote katika chungu kimoja. Huku kusini tumelelewa na habari za Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliouawa Agosti 1905, vita vya Maji Maji, wakiwa njiani kwenda Liwale. Misheni yetu ya Lukuledi nayo ilichomwa mwaka huohuo. Nilifundisha habari hizo kila mwaka kama mfano wa mateso yenye maana, na sizikani. Lakini wale walipanda meli kwa miguu yao. Walijua wanakokwenda na kwa ajili ya nani. Babu zetu waliokufa njaa baadaye, Wajerumani walipochoma maghala na mazao, hawakupanda meli yoyote. Walikuwa nyumbani kwao. Hao hawana sikukuu kwenye kalenda. Mateso ya kuyachagua na mateso ya kuangukiwa si ndugu wa tumbo moja. Ukimwambia mtoto wa miaka 11 ajitwike msalaba wake kama mashahidi, unamdhulumu. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa nenda Marko 15:21. Ni mstari mmoja, nimeusoma kwenye Njia ya Msalaba kila Kwaresima, kituo cha tano, na sikuwahi kuuona. Simoni Mkirene. Maandiko yanasema alikuwa anatoka shamba. Tazama, mkulima. Hakuwa mwanafunzi, hakuwa na habari na kesi ile, pengine alikuwa anawaza chakula cha mchana. Askari wakamshika wakamlazimisha abebe msalaba usio wake. Hakuambiwa ni wa nini. Hakuna Injili inayosema aliuelewa baadaye, wala alijisikiaje, wala alilipwa nini. Marko anaongeza kitu kimoja tu juu ya mtu huyu, kwamba alikuwa baba yao Iskanda na Rufo.

Baba wa wawili, mwanangu. Nilipoona jina ulilojipa hapa nilimwita mjukuu aje anisomee tena.

Umeuliza kwa nini karatasi kapewa mtoto. Sijui. Nimetafuta miaka 9 na sijui, na anayekuambia anajua mwombe aje alale kwako usiku mmoja wa Juni. Lakini mtihani si wa kwako wala si wa kwake, neno lenyewe mtihani libaki shuleni. Mtoto kaangukiwa na mti. Wewe umekutwa njiani ukitoka shamba, umeshikwa, umetiwa bega upande wa pili. Na Yesu katika picha hiyo hayuko juu akisahihisha karatasi. Yuko upande wa mtoto, chini ya mti huohuo, amechoka hata hawezi kuuinua peke yake. Mimi nilimtafuta miaka mingi mahali pa anayetuma mateso. Nilikuwa nagonga mlango wa jirani.

Swali la binti yako limeulizwa pia, Yohana 9. Wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wanauliza: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Neno kwa neno yale uliyoambiwa wewe na yule wa spika. Jibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Msomee binti, na mkeo asikie hilo la wazazi. Najua kinachofuata kinakwaza, kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, kana kwamba mtu alipofushwa miaka yote ili aje kuwa maonyesho. Nami kilinikwaza. Lakini usiishie hapo, soma mstari wa nne: imetupasa kuzifanya kazi zake maadamu ni mchana. Kisha anatema mate chini, anakanda tope. Waliuliza kwa nini, yeye akashika udongo. Nesi wetu hapo juu kafanya vilevile, kasema soksi, sweta, maji yatengwe. Mimi naona ametoa mahubiri kuliko mimi.

Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya mateso, Februari 1984, miaka isiyotimia mitatu tangu apigwe risasi. Padre aliniazima. Mengi yalinipita kichwa, lakini mwishoni anakuja kwa Msamaria Mwema na hapo nilishika. Anasema mateso yapo pia ili yafungulie upendo. Nakubali nusu. Ninachokataa, na nitamwambia nikimkuta, ni mtu kudhani Mungu alimpiga mke wangu ili mimi nijifunze kuosha. Hiyo ingekuwa ada kubwa mno na aliyelipishwa si mwanafunzi. Ila ni kweli kwamba nimejifunza. Mimi ni mwanaume wa zamani, sikuwahi kuchota hata maji ya kuoga. Sasa namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, usiku naweka saa. Namwosha. Na nywele namsuka, mjukuu alinifundisha. Mistari yangu inapinda kama barabara ya kupanda Newala. Jirani wanacheka, naye anacheka, upande mmoja wa mdomo.

Kwa hiyo lile la malaria linalokusumbua, uliache bila kuliweka popote. Usilifanye deni. Mtoto hakulipa ili wewe upone, hakuna aliyefanya biashara hiyo.

Wale rafiki watatu wa Ayubu huwa tunawasema vibaya, lakini siku saba za kwanza walikaa naye chini, hakuna aliyenena neno. Siku saba walifanya vizuri sana. Waliharibu walipofungua mdomo. Huyu wa Kivinje kaelewa kuliko wengi niliowapa kipaimara.

La mwisho ndilo ninalolitaka sana. Mwambie binti asiume khanga. Alie. Waebrania 5:7, Kristo aliomba pamoja na kulia sana na machozi, na msalabani alipaza sauti waliosimama pale wakasikia, akiuliza kwa nini. Hakujibiwa palepale. Na kuna zaburi moja, ya 88, haina mwisho mzuri kama nyingine, inaanza na kilio na inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia kama zilivyomo za vinanda na matarumbeta. Isomeni. Mama yake akitetemeka, atetemeke, wewe ukae katikati yao. Mtoto anayeficha maumivu ili kumlinda mama amebeba misalaba miwili, na huo wa pili tunaweza kumtua leo.

Naishia hapa, saa imelia, namgeuza mgonjwa.

Moto_wa_Madhabahu alijibu:

Mwalimu nakuheshimu kwa umri wako, ila mnamzoesha mtu kukaa na ugonjwa. Mungu anaponya. Shangazi yangu alipona.

Mwalimu_wa_Lukuledi alijibu:

Anaponya, mwanangu. Namwomba kila asubuhi nikikanda ule mkono wa kulia. Mwenyewe sijaacha kuukanda.

BabaWawili aliandika:

Nimechelewa kurudi, simu ilikuwa haina chaji na umeme ulikatika siku mbili.

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma Marko 15:21 nikiwa shambani, na miguu ina vumbi. Sina la kusema juu ya hapo. Iskanda na Rufo nimewaandika kwa makaa kwenye ukuta wa jiko, mke wangu akauliza ni wadeni gani hao.

Binti nilimsomea Yohana 9. Aliniuliza kama yule kipofu alikuwa na ndugu. Nikasema haikuandikwa. Akasema, "Labda alikuwa na kaka alikufa." Tukanyamaza wote. Ile Zaburi ya 88 nilimsomea usiku wa Jumamosi, nilipofika mwisho alisubiri, akafunua ukurasa mwenyewe kuangalia kama imebaki. Akasema, "Imeisha hivyohivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia niiwekee alama.

Usiku wa kuamkia Jumatatu maumivu yalirudi, si makali kama ya Jumanne ile. Alishika khanga, akanitazama, akaiachia. Akalia. Wakuu, nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ya mwanangu ikilia tangu akiwa mdogo. Ni sauti kubwa. Mama yake alitetemeka kama kawaida yake, nikawashika wote, yeye mkono huu na yeye mkono huu. Mbwa wakabweka. Na yule mama jirani, aliyekuwa anatuambia tukaaguliwe, tukamsikia mlangoni anapiga hodi, kashika birika la maji ya moto na kitambaa cha kukandia. Anasema miaka yote alidhani huwa tunalala.

Nesi, Ijumaa tuna kliniki, ile dawa nimeiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Mwenye pikipiki nimepatana naye, amesema hata saa nane za usiku nimgongee dirisha, nisipige simu, ataiona baadaye.

Salfa upande wa bondeni sijapuliza bado na maua yameshaanza kutoka. Vijana wa kwaya wamesikia, wanakuja Alhamisi na mashine mbili. Anayewaongoza ni yule wa besi anayekosea. Nimemwambia mke wangu apike ming'oko ya kutosha, huyo bwana anakula.